Vipele vya mtoto vina maji ndani, mwenye nyumba anasema Mpox. Hii si tetekuwanga kweli?

mama_wa_rangi3 (Jumamosi, saa 4 usiku)

Habari za usiku wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada wa haraka maana hapa nilipo akili haijakaa sawa. Mwanangu ana miaka mitano, juzi Alhamisi karudi chekechea amenyong'onyea, chakula hataki, jioni mwili wa moto, nikampa panadol ya maji nikajua ni malaria au jua tu, si mnajua joto la Dar kipindi hiki. Jana asubuhi namwogesha naona vipele kama vitatu vinne tumboni na kimoja mgongoni, nikasema ah harara hii, nikampaka poda nikaendelea na shughuli zangu. Leo mchana namvua fulana nusura nipige ukunga. Kifua chote, mgongo, shingo, usoni, hadi kichwani ndani ya nywele, na vingine vina maji ndani kama mtu karukiwa na mafuta ya kukaangia samaki. Anajikuna mpaka analia.

Sasa shida sio ugonjwa peke yake. Tumepanga, vyumba saba choo kimoja. Mama mwenye nyumba kamwona mtoto kaja juu eti hiyo ni Mpox, ile homa ya nyani, yaani tangu Wizara itangaze wale wagonjwa wawili Machi 2025 huyu mama kila kipele kwake ni Mpox, anataka nitoke na mtoto usiku huu huu. Jirani wa chumba cha pili anasema surua. Kijana wa boda pale nje kaniambia ndui. Mimi moyo unaniambia tetekuwanga maana nakumbuka kama niliugua nikiwa mdogo ila sikumbuki ilikuwaje. Baba yake dereva wa lori, yupo Tunduma, anarudi Jumatatu. Wenye uzoefu naombeni mnieleze mnaitambuaje.

fundi_aluminium

Pole sana dada. Wangu wawili walipata mwaka juzi, dawa ni GV tu, ile ya maji ya zambarau, mpake mwili mzima kila kipele, wiki moja kimekauka. Hospitali utapoteza nauli.

kibonge_mtulivu

Surua hiyo. Na usimwogeshe, ukimwogesha vinarudi ndani ndo vinashika mapafu. Mfunike blanketi atoke jasho vitoke vyote.

mama_wa_rangi3

@kibonge_mtulivu joto hili nimfunike blanketi kweli?

nesi_mstaafu

Mwanangu shusha pumzi kwanza. Hiyo blanketi iache kabatini. GV nayo usiipake leo, nitakwambia kwanini. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, kwa picha uliyoichora hapa nina wazo ni nini ila kwa kuandikiana hivi hakuna anayeweza kuapa, kwahiyo nifanyie mambo mawili matatu urudi kunijibu.

Washa tochi ya simu. Usimmulike mbele, mmulike kwa ubavuni, mwanga upite juu ya ngozi. Kwenye ngozi zetu hizi ule wekundu unaoandikwa vitabuni mara nyingi hauonekani, unaona tu kipele cheusi kidogo kuliko ngozi au cha zambarau hivi, watu wengi wanapotea hapo hapo. Lakini lengelenge lenye maji litang'aa, litakaa juu juu ya ngozi kama tone la maji kwenye jani la gimbi, ngozi yake nyembamba ukiigusa tu inapasuka.

Halafu chagua sehemu moja ya kifua, ukubwa wa kiganja chako tu. Usiangalie mwili mzima utachanganyikiwa. Hapo kwenye kiganja niambie, vipele vyote vinafanana au kila kimoja kina umri wake? Namaanisha kuna kimoja bado alama bapa tu, kingine kimeinuka kigumu, kingine kina maji, kingine kimeshabonyea katikati kinaanza kukauka?

Na ufungue mdomo wake uone ndani ya mashavu na kwenye kaakaa. Angalia viganja vya mikono na nyayo. Mpapase nyuma ya masikio, shingoni, kwenye makwapa na kinena, kuna mitoki? Ana kikohozi, mafua, macho mekundu? Nasubiri silali.

bonde_la_ufa

Wakati tunasubiri, mimi wa kwangu walisema tetekuwanga kumbe ni kunguni. Sio utani. Asubuhi vipele vimejipanga kwa mistari, jioni vinapungua, homa hana. Tukabadili godoro ikaisha.

Kisauni001

Pole dadangu. Niko Mombasa, huku surua wengi tunaiita ukambi, na kuna watu bado wanachanganya ukambi na tetekuwanga kwa sababu zote ni za watoto na zote zina homa na vipele. Mimi nimeuguza zote mbili nyumbani kwangu. Ukambi ulianza na kikohozi na mafua kama siku tatu nne hivi, macho mekundu mtoto hataki mwanga, halafu vipele vikaanzia usoni kwenye laini ya nywele na nyuma ya masikio vikashuka chini kama maji yanayomwagika, vidogo vidogo bapa vimeshikana, HAKUNA hata kimoja kilichokuwa na maji. Huyu wako kaanzia tumboni na vina maji, surua hapo naona imetoka.

mama_wa_rangi3

Nimerudi. @nesi_mstaafu nimefanya ulivyosema. Kwenye ile sehemu ya kifua ukubwa wa kiganja nimehesabu kumi na moja, vinne vina maji, viwili vimekauka juu vina kama kigaga, vilivyobaki vimeinuka tu na kimoja ni kama kinaanza sasa hivi. Yaani ni kweli kila kimoja na umri wake, sikuwa nimeona hilo kabisa mpaka uliposema. Mdomoni kuna viwili juu kwenye kaakaa vyeupe vimechubuka, ndo maana anakataa hata juisi. Kimoja kwenye kope la jicho, na viwili huko sehemu za siri, kwenye viganja hamna, nyayo moja kina kimoja. Kikohozi hana, macho yake kawaida. Mitoki sijaihisi labda sijui kupapasa.

nesi_mstaafu

Umepapasa vizuri. Hiyo ya mchanganyiko wa umri ndo alama yangu ya kwanza ya tetekuwanga, kuliko hata maji yenyewe. Inatoka kwa mafungu, fungu la leo, fungu la kesho, fungu la keshokutwa, siku tatu hadi tano hivi mfululizo, kwahiyo ukimwona siku ya tatu utakuta wazee, vijana na vichanga wamekaa mtaa mmoja. Inajaa zaidi kifuani, mgongoni, usoni na kichwani, mikono na miguu inapata kidogo. Mtoto asiyechanjwa anaweza kufikisha 250 hadi 500, kwahiyo kesho ukiona vimeongezeka usidhani dawa imekataa, ndo safari yake hiyo. Homa siku moja au mbili kabla, kuchoka, kichwa, hamu ya kula kukata, halafu kipele kinatoka, na kile kipele kinabadilika haraka haraka, kutoka alama mpaka maji ni saa chache tu.

Mpox nayo usiidharau nitakuwa mkweli kwako. Ile kwa kawaida vipele vya sehemu moja vinakwenda umri mmoja, vyote vina maji pamoja, vyote usaha pamoja, ni vigumu vimezama ndani kama punje iko chini ya ngozi, vingi vina kishimo katikati, vinapenda viganja na nyayo na sehemu za siri, na mitoki inavimba mpaka mtu anaiona kwa macho. Vinauma zaidi ya kuwasha. Na inaenda taratibu, wiki mbili mpaka nne. Lakini kuna wagonjwa hawafuati kitabu, kule Congo madaktari wamekuta magonjwa haya mawili yakichanganywa mara nyingi tu, hata mtu mmoja kuwa na yote mawili, kwahiyo mwenye kumaliza ubishi ni maabara, wanachukua majimaji au kigaga wanapima. Ndo maana nasema kesho mpeleke. Na ndo maana nasema GV usipake, mtoto akishakuwa zambarau mwili mzima daktari ataona nini? Hata yeye hawezi kujua kipi kinakauka na kipi kinaoza.

Mwambie mama mwenye nyumba apige 199 ya Wizara ni bure, wamweleze wao. Kukufukuza usiku na mtoto anaumwa haizuii ugonjwa wowote, unakwenda tu kuupeleka kwenye nyumba nyingine.

Swali langu la mwisho usiku huu. Wiki mbili tatu zilizopita mtoto alikuwa karibu na nani mwenye vipele? Shuleni, msibani, kwenye harusi, popote.

fundi_aluminium

Mmh, mimi GV nilipaka na walipona

nesi_mstaafu

@fundi_aluminium wangepona hata ungewapaka chai baba. Kwa mtoto mwenye afya inaisha yenyewe wiki moja au mbili.

mama_wa_rangi3

Hapo ndo nachanganyikiwa. Mwalimu nimempigia anasema hakuna mtoto hata mmoja mwenye vipele pale chekechea, na hapa nyumbani hakuna. Aliyekuwa na vipele ni mama mkwe tu alikuja kutoka Muheza akakaa wiki moja, alikuwa na mkanda wa jeshi ubavuni, mtoto alikuwa analala naye. Ila ule si ugonjwa wa watu wazima na hauambukizi?

babu_wa_lushoto

Mkanda wa jeshi ukizunguka ukakutana mtu anakufa, muulizeni kama umekutana.

nesi_mstaafu

Mzee wangu hilo tumelisikia tangu utotoni na halina ukweli. Mkanda unafuata mshipa mmoja wa fahamu na mshipa ule unahudumia upande mmoja tu wa mwili, ndo maana unakaa ubavu mmoja hauvuki katikati.

@mama_wa_rangi3 umejijibu bila kujua. Mkanda wa jeshi na tetekuwanga ni kirusi kimoja kile kile. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni akapona, kirusi hakiondoki, kinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kimelala hata miaka hamsini. Siku kinga ya mwili ikishuka, kwa uzee, kwa maradhi, kwa VVU, kwa dawa fulani, kinaamka na kutembea na ule mshipa mmoja, unapata maumivu ya moto na malengelenge kama mkanda. Sasa yale malengelenge yana kirusi ndani. Hakumwambukiza mjukuu mkanda wa jeshi, kamwambukiza kirusi, na kwa mtoto ambaye hajawahi kukutana nacho kinatoka kama tetekuwanga. Bibi alikuja lini na aliondoka lini?

mama_wa_rangi3

Aliondoka wiki mbili zilizopita kamili, Jumamosi. Mungu wangu.

nesi_mstaafu

Vipele vinatoka siku 10 hadi 21 tangu kuambukizwa, nyingi zinaangukia 14 hadi 16. Hesabu inakubali. Usimlaumu mama mkwe, hakujua, hata kwenye vituo vyetu wagonjwa wa mkanda wanapewa dawa wanarudishwa nyumbani bila kuambiwa wafunike kidonda na wakae mbali na watoto wadogo na wajawazito. Na mshauri kwa upole apime afya yake yote, si kwamba kila mkanda ni VVU, wazee wengi unawapata kwa umri tu, lakini kupima ni busara.

babu_wa_lushoto

Nimekubali kukosolewa nesi. Ila kuhusu yule kijana wa boda aliyesema ndui naomba niseme maana mimi ndui naikumbuka, nina kovu la chanjo mkononi mpaka leo kama sarafu. Ndui duniani haipo tena. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Oktoba 1977, na 1980 WHO wakatangaza imekwisha. Na mnajua alivyougua yule bwana? Kwanza walidhani malaria, vipele vilipotoka wakasema tetekuwanga. Alipona, na baadaye akafanya kazi ya kuhamasisha watu wachanje polio. Kwahiyo kuchanganya vipele hakukuanza na mwenye nyumba wako binti yangu, mpaka hospitali wamechanganya.

Kisauni001

Mzee umetisha. Hiyo hadithi sikuwahi kuisikia.

kibonge_mtulivu

Sasa nesi kuoga je? Maana kwetu Singida marehemu bibi alikuwa hataki hata tone la maji liguse mtoto mpaka vikauke.

nesi_mstaafu

Aoge, tena kila siku, maji ya uvuguvugu, asisuguliwe na dodoki, ajipangusie kwa kugusisha taulo tu. Hakuna kipele kinachorudi ndani. Uchafu na kucha ndo vinaleta shida, mtoto akijikuna anaingiza bakteria, kile kipele kinajaa usaha, kinaacha kovu, na saa nyingine bakteria wanaingia kwenye damu. Mkate kucha leo leo hata kama amelala, mvalishe soksi mikononi usiku. Kalamaini losheni ipo duka la dawa, ile ya pinki, ipake isimwingie machoni wala mdomoni. Muarobaini wa kuogea mimi sina ugomvi nao kama umechujwa vizuri, ila asinywe.

Homa paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. ASPIRINI HAPANA, narudia hapana, kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuharibu ini na ubongo. Ibuprofeni nayo ikae mbali, imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi kwenye ugonjwa huu. Uji wa baridi, maziwa, tikiti, maji kidogo kidogo, kwa sababu ya vile vya mdomoni machungwa na pilipili vitamuunguza.

chumba_namba5

Samahani kuingilia, mimi nina mimba ya miezi minane na ndugu yangu anaishi nyumba moja na mtoto mwenye tetekuwanga, nilikuwa huko jana. Kuna shida?

nesi_mstaafu

Uliwahi kuugua utotoni? Muulize mama yako sasa hivi kama yupo. Kama uliugua tulia. Kama hujaugua au hakuna anayekumbuka, kesho nenda kliniki yako useme wazi kwamba umekaa na mgonjwa, usisubiri vipele. Mama mjamzito anaweza kupata nimonia mbaya, na vipele vikitoka karibu na siku ya kujifungua, kuanzia siku tano kabla mpaka siku mbili baada, mtoto anazaliwa bila kinga ya mama na anaweza kuugua vibaya sana. Kuna tiba za kutoa ila zinafaa zikiwahi. Na ukifika getini waambie, usikae kwenye benchi na wajawazito wenzako, huu unasambaa kwa hewa.

chumba_namba5

Mama anasema niliugua nikiwa darasa la pili na dada zangu wote. Alhamdulillah.

mama_wa_rangi3 (Jumapili, saa 9 alasiri)

Mrejesho wakuu. Tumetoka kituo cha afya. Nilivyofika mapokezi nikasema mtoto ana vipele vya maji nadhani tetekuwanga, wakanitoa kwenye foleni wakatukalisha nje chini ya mwembe, mwanzo nilijisikia vibaya kama wanatunyanyapaa halafu nikakumbuka maneno ya nesi. Daktari kijana tu, kamfunua mtoto fulana, kaangalia kifua, mgongo, kampapasa shingo na kinena, kafungua mdomo, kaangalia viganja, kaniuliza kuhusu chanjo ya surua, nikampa kadi ana zote mbili ya miezi 9 na ya miezi 18. Haikufika dakika kumi kasema tetekuwanga, hakuna haja ya damu. Nikamwambia habari ya Mpox na mwenye nyumba, kacheka kidogo kaandika karatasi ya kumpa mwenye nyumba, jina la ugonjwa na kwamba mtoto akae ndani mpaka vipele VYOTE viwe vimekauka na kushika kigaga, na kwamba aliyewahi kuugua hana haja ya kuogopa.

Dawa kapewa kalamaini, ya kupunguza muwasho usiku na paracetamol. Hakuna antibayotiki, nilitaka kubishana nikaacha.

Mama mwenye nyumba kaisoma karatasi mara mbili, akasema hata yeye aliugua kwao Kilwa, akaonyesha na kovu kwenye paji la uso. Sasa jana alikuwa wapi huyu mama na kovu lake.

bonde_la_ufa

Hahahaha kovu lilikuwa limelala na kirusi

mbeba_box_minnesota

Nauliza kitu. Mimi nipo Marekani, huku kwa kawaida mtoto haanzi shule bila kuonyesha chanjo ya tetekuwanga, dozi mbili, ya kwanza akiwa na mwaka mmoja na kitu na ya pili miaka minne hadi sita. Walianza kuitumia huku 1995 na ugonjwa wenyewe umekuwa nadra mpaka madaktari vijana hawaujui kwa macho. Bongo haipo?

nesi_mstaafu

Kwenye kadi ya kliniki haimo. Hospitali binafsi kubwa za mjini unaweza kuipata kwa kulipia. Kirusi kilichotumika kutengeneza chanjo kilitoka kwa mtoto wa Kijapani miaka ya sabini, daktari Michiaki Takahashi alianza kuitafuta baada ya mwanae mwenyewe kuugua vibaya. Kwetu serikali inaanza na yanayoua zaidi, surua kwanza, naelewa, lakini mwenye mtoto mwenye maradhi ya damu au kinga dhaifu nyumbani ningemshauri awachanje waliomzunguka kama mfuko unaruhusu.

@mama_wa_rangi3 mtoto tumemaliza, sasa wewe na baba yake. Mliugua?

mama_wa_rangi3

Mimi ndio nimeuliza nyumbani wamethibitisha. Baba yake nimempigia anasema hajui, kakulia Sumbawanga huko shamba nyumba na nyumba maili moja. Anarudi kesho.

nesi_mstaafu

Asije. Alale kwa rafiki mpaka vigaga vikauke vyote, ni siku tano sita tu. Nchi zetu za joto tofauti na Ulaya watu wengi wanafika ukubwani bila kukutana na kirusi hiki, na mkubwa anaumwa kuliko mtoto, anapata nimonia, hasa akiwa anavuta sigara.

mama_wa_rangi3

Anavuta. Na kasema hawezi kulala nje akiwa na nyumba yake, ni mwanaume mzima hawezi kukimbia ugonjwa wa watoto.

Kisauni001

Wanaume sisi tuna shida

mama_wa_rangi3 (wiki mbili na siku mbili baadaye)

Wakuu nimerudi kwenye uzi huu huu nisifungue mpya. Mtoto alipona, siku ya saba vigaga vyote vilikuwa vimeshika akarudi chekechea, kabaki na alama nyeusi nyeusi na kishimo kimoja puani alipojikuna.

Sasa baba. Alikuja ile Jumatatu kama alivyosema. Juzi akaanza kulalamika mgongo, kichwa, baridi, akaenda duka la dawa kupima malaria hakuna, akanunua dawa ya malaria hivyo hivyo akanywa. Jana usiku ananiita nimkune mgongo. Namulika na tochi kwa ubavuni kama nilivyofundishwa, vitatu vya maji, vingine sita saba vinaanza, na kimoja kwenye ufizi. Sikusubiri mtu aniambie, saa 1 asubuhi hii tupo hospitali.

Daktari kasema afadhali tumewahi ndani ya saa 24 tangu kipele cha kwanza, kampa asaiklovia, dawa ya kupambana na kirusi, vidonge mara tano kwa siku kwa siku saba, kamsikiliza mapafu, kasema kikohozi kikianza au akihema kwa shida tusingoje asubuhi. Sigara kakatazwa mbele yangu.

fundi_aluminium

Pole kwa shemeji. GV sisemi tena.

nesi_mstaafu

Umefanya vizuri sana mwanangu. Angalia pumzi, angalia kama anachanganyikiwa au analala usingizi usioamshika, kutapika kusikokoma, kuyumba akitembea, shingo ngumu, au homa iliyoshuka kurudi kwa nguvu siku ya nne ya tano, au kipele kimoja kikivimba kikawa cha moto na kinauma kuliko vingine vyote. Hivyo hata kwa mtoto ni safari ya hospitali hapo hapo. Kazini amewaambia? Siku mbili kabla ya kipele alikuwa tayari anaambukiza, turnboy wake na yeye apewe taarifa.

mama_wa_rangi3

Turnboy kapigiwa, anasema yeye aliugua. Kikohozi hana mpaka saa hizi namsikilizia.

Mtoto kakaa mlangoni anamhesabu baba yake vipele kwa sauti, kafika mia moja na kumi na mbili, vya kichwani kasema atahesabu kesho vikitoka vyote.

nesi_mstaafu

Mwambie vya mdomoni navyo ahesabu. Na baba akatwe kucha.